Namba Saba Haimo Mkobani

Nengo, Gisenyi
Jumapili jioni

Vestine mwanangu,

Mwandiko huu usikutishe. Mkono wangu wa kulia umevimba, vidole viwili vimekataa kukunjika, na kalamu naishika kama mtu aliyeshika kaa la moto. Sijalewa. Kilichoupata mkono nitakueleza mbele, na nakuomba usiruke kurasa kwenda kukitafuta. Nakujua wewe, hata hadithi za shuleni ulikuwa unaanza kusoma mwisho.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda changu cha kuandika unakicheka, na Kifaransa changu ni cha kuombea ruhusa tu. Kiswahili ndicho nilichopendea na kugombania kule Zaire miaka yote ile. Kwa neno zito sina lugha nyingine.

Habari za chandarua, za kutokula vitu vya barabarani, na za shangazi yako wa Kigali asiyevumilia mtu wa kuchelewa kuamka, mama yako amekwisha kukujaza masikio. Mimi nitakuambia habari za vyuma vya gofu. Ndiyo kazi unayokwenda kuifanya. Pia kuna jambo limekaa kati ya vyuma hivyo na mimi tangu mwaka jana, na usipolijua leo kwa mkono wangu, utaambiwa kesho asubuhi kwenye kituo cha bisi kwa kinywa cha mtu mwingine.

Watakuweka kwenye stoo ya vifaa ya klabu ya gofu kule Kigali. Watu wanaoanza watakuja kwako, wengine na matumbo yao na kofia mpya, wakuulize wachukue fimbo zipi. Usikimbilie jina lililoandikwa. Chukua chuma, kigeuze, kitazame mgongo. Ukiwa bapa, laini, umenyooka kama kisu cha bucha, hicho ni chuma kikali. Uzito wake wote uko nyuma ya sehemu moja ndogo kama kifungo cha shati. Ukipiga hapo, mpira unaondoka na mkono hausikii kitu. Ukikosea kwa upana wa kidole kimoja, mpira unakwenda kwa majirani na maumivu yanapanda mpaka kwenye meno. Lakini mgongo ukiwa umechimbwa shimo, uzito ukasukumwa pembeni kuzunguka uso, na unyayo wake ukawa mpana usiojichimbia kwenye udongo, hicho ni kipole. Mtu akikosea katikati, mpira unapungua nguvu lakini bado unakwenda mbele. Mtu anayeanza anakosea katikati mara tisa kwa kumi. Mpe kipole.

Atakukatalia. Atataka kile chembamba kinachong'aa, kwa sababu alikiona mikononi mwa bingwa. Usibishane naye. Mpe vyote viwili, namba saba kwa namba saba, kwa sababu namba saba si ndefu wala si fupi, ndiyo ya kufundishia. Apige mipira kumi kwa kila kimoja. Viganja vyake vitamjibu. Namba tatu na nne mwambie aziache nyumbani kabisa mpaka mwaka mwingine. Na ukiletewa vyuma vya mitumba, angalia palipochakaa usoni. Doa likiwa katikati, aliyekuwa navyo alijua kupiga. Likiwa limetawanyika mpaka kisiginoni, karibu na mpini, alikuwa anatwanga mihogo. Hivyo vya pili huenda vikawa ndivyo vizuri kwa mteja wako, maana mtu hutafuta chuma kinachomfaa.

Haya yote nayajua tangu nina miaka ishirini. Sikuyatumia kwako, nawe unajua.

Nilikuwa nabeba mkoba wa Mbelgiji mmoja mwenye shamba la kahawa juu ya Goma. Alikuwa amekata mashimo tisa kati ya miti yake, akacheza peke yake kama mtu anayegombana na ardhi. Vyuma vyake vilikuwa vile vikali, vyembamba, na hakuviweza. Siku moja nilimpa namba sita, mpira ukaingia mtoni. Nikacheka kidogo, kwa pua tu. Akageuka akanipiga nayo kwenye mfupa wa mguu. Lile kovu ulilokuwa unalichezea ulipokuwa mdogo, nikakuambia ni la jembe, ni lake. Nikiwa chini akaniambia, "Chuma kikali ndicho kinachofundisha." Vita vilipoanza kule akaondoka na sanduku moja, akaniachia mkoba wake badala ya mshahara. Nikarithi vyuma, nikarithi na mkono wake.

Ulikuwa na miaka kumi na minne nilipoanza kukufundisha kwenye zile nyasi za ufukoni, mbele ya hoteli ya zamani. Nilikupa namba saba ya Mbelgiji. Ulipokosea nilikuchapa vidole kwa mpini, na ilikuwa Januari asubuhi, upepo wa ziwa umekwisha kuvigandisha. Hukulia. Ulinitazama tu, ukaweka mpira mwingine. Mimi nikaenda kwa mama yako kujisifu kwamba mtoto ana roho ngumu. Mama yako akanijibu, "Mutoto haina roho ngumu. Iko anakuogopa." Nikamkasirikia siku mbili. Nilijua ni kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Sasa nakuja kwenye mwaka jana.

Unakumbuka tulikuwa bado Cyanzarwe, kwenye nyumba ya bibi yako. Unakumbuka wacengezi, wale waasi, walivyokuwa wanashuka kutoka msituni, na risasi zilizotuamsha mpaka tukazizoea, na ile taxi iliyochomwa kwenye kona pamoja na watu wake. Mimi niliitwa kusaidia kuwatoa. Sikuwahi kukuambia nilichokibeba siku ile. Nilibeba mwalimu wako wa hesabu, na alikuwa mwepesi. Nilirudi nyumbani nikanawa, nikala, nikataka kuua mtu. Sikujua ni nani. Nilitaka tu.

Wanaume wote tulikuwa kwenye irondo, kulinda njia zetu kwa zamu. Kwenye soko la mpakani vilikuwa vimeanza kuonekana vitu vya nyumba zilizoporwa Goma, na kati ya vitu hivyo fimbo za gofu, moja moja, kama kuni. Wauzaji hawakujua ni za nini. Wanaume wa irondo walizinunua, kisha wakaja kwangu, fundi wa gofu, wakaniuliza ipi ni nzuri. Nami nikawachagulia, mwanangu. Nilikaa mlangoni kama daktari, nikawageuzia migongo ya vyuma. Hiki chenye shimo acha, kinatawanya nguvu. Chukua hiki chembamba, uzito wote uko mahali pamoja. Elimu yangu yote niliipindua nikaigawa pale mlangoni, na nilifurahi kuulizwa. Mimi mwenyewe nilibeba namba saba ya Mbelgiji.

Wakati huohuo nilikuwa nimemwomba rafiki yangu Tonton Shabani, mkazi wa hapa Nengo, akutafutie seti ya vyuma vipole. Alivuka kwenda Goma kila siku na vitambaa vyake, alijua kila dirisha. Nilimwonyesha kwa mikono: mgongo uchimbwe, unyayo mpana. Alicheka akasema, "Baba Vestine, unataka chuma ya mutu mwenye hajuwe kucheza." Nikamwambia ndiyo, hasa. Nilikuwa nimeanza kuona aibu ya vile vidole vyako. Nilitaka ubaki na kitu changu kisichouma.

Aliipata. Ilitoka nyumba ya Mzungu mmoja mnene, alivyosimulia baadaye, vyuma vyenye madoa mpaka kisiginoni. Forodha wangemnyang'anya, basi hakupita kwenye barriere, kizuizi cha mpakani. Alipita njia ya mashambani, mtama ukiwa juu ya kichwa, saa ya jua kuzama, mvua imeanza. Alijifunika gunia tupu kichwani, na vyuma amevifunga katika kitenge, anavibeba begani kama mtu anavyobeba bunduki.

Mimi nilikuwa peke yangu kwenye mtaro. Mwenzangu alikuwa amekwenda kuchukua kabuti lake. Nikaona mtu na kitu kirefu begani. Nikaita kwa Kinyarwanda kuuliza ni nani, "Ninde?" Hakujibu. Mtu wa magendo hajibu, tunajua wote. Akageuka kurudi alikotoka. Nikatoka mtaroni nikampiga gotini kwa namba saba.

Nilipiga katikati kabisa, Vestine. Kwenye kifungo cha shati. Mkono wangu haukusikia kitu.

Akaanguka, gunia limemziba uso, akapiga kelele, "Ni mi! Ni mi Shabani!"

Watu wote wanajua Shabani alipigwa na wacengezi. Hivyo ndivyo wewe pia unavyojua, na ndivyo alivyoamini yeye mwenyewe, maana hakuniona na mimi sikufungua kinywa. Ningeweza kukuandikia kwamba nilimpiga bila kumjua, nikatupa fimbo, nikalia. Ingekuwa barua nzuri. Lakini pigo la kwanza tu ndilo la mtu aliyeogopa. La pili nilikuwa nimekwisha kulisikia jina. Nilimpiga mkono ule uliokuwa unalitafuta gunia ili alitoe usoni. La tatu nilimpiga kwa sababu alikuwa Shabani, kwa sababu alinifanya niwe mtu aliyempiga Shabani, na hasira hiyo sijawahi kuisikia tena wala sitaki. Pigo hilo lilimpata ubavuni, kichwa cha chuma kikachomoka kikaingia mtamani, nikabaki na mpini. Sauti ya ule mfupa wa mkono ni ndogo kuliko unavyofikiri. Ni kama kuvunja fito.

Nikakimbia. Nilizunguka nyuma ya shamba, nikarudi na wenzangu waliosikia kelele, nikawa wa kwanza kuinama. Nilimbeba mimi. Mgongoni mwangu alinishika shingo kwa mkono mzima, akaniambia, "Asante, Baba Vestine. Vyuma vya mutoto viko mu mtama, usiviache."

Mama yako alilifua shati bila kuuliza. Lakini tangu siku ile hajala nami sahani moja, na wewe ulifikiri ni tumbo lake.

Tulipohamia hapa Nengo ulifikiri ni kwa usalama. Nilikuwa siwezi kupita mtama ule. Na ukafikiri mimi ni jirani mwema, nikimpeleka Shabani hospitali, nikimchotea maji, nikimbeba kwenda msikitini Ijumaa ingawa mimi ni mtu wa kanisa. Mtaa mzima ulinisifu. Goti lake halikukunjika tena, biashara ya kuvuka ikaisha, mkewe sasa ndiye anayevuka na bidhaa kichwani huku ana mimba. Na wewe ukajifunza kwa vyuma vile. Ulibadilika mbele ya macho yangu. Baada ya miezi mitatu tu ulianza kucheka ukikosea. Shabani alikuwa anakuja kukutazama pale nyasini, ameegemea gongo, akipiga kelele, "Ongeza, mutoto wangu, ongeza!" Yule mama wa shirika aliyekuona hapo akakutafutia kazi Kigali, alikukuta ukicheza na vyuma hivyo, na mtu huyo yuko pembeni anakushangilia. Nilisimama kati yenu kama mwizi aliyealikwa karamuni.

Hasira hasara, tulifundishwa tukiwa wadogo, nami nilifikiri hasara ni sahani iliyovunjika.

Leo mchana, wewe na mama yako mkiwa kanisani, nilichukua mkoba wako nikaenda kwake. Nilisema nakwenda kuvisafisha vyuma. Nilimkuta ameketi mlangoni, mguu umenyooshwa kwenye kibao. Nikamwambia. Nilisema haraka, nimesimama, kama mtu anayetoa ripoti.

Alilishika goti lake kwa viganja viwili. Halafu akauliza, "Ulinipiga na chuma gani?"

"Namba saba."

"Ile ya Mubelgiji?"

"Ndiyo."

Akatazama mguu wake. "Wakati nilitaja jina yangu, ulisikia?"

Vestine, nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Njiani nilikuwa nimetengeneza maneno kuhusu mvua, kuhusu gunia, kuhusu mwalimu wako wa hesabu. Yote yalikuwa tayari mdomoni.

Nikamwambia, "Nilisikia."

Akanyoosha mkono kwenye mkoba, akachomoa namba saba, ile pole, yako. "Weka mukono hapa," akasema, na akapiga kiganja kwenye kibao ulipokuwa mguu wake. Nikaweka. Akasimama kwa taabu akipigania goti lile, akapiga. Alipiga vibaya, kwa ncha, mkono wake ule uliovunjika hauna nguvu tena. Hata hivyo nilisikia vidole vikivunjika. Upole wa chuma ni kwa mpira tu, mwanangu, usije ukadanganyika. Akakiinua tena, mguu ukamsaliti, akaniangukia kifuani. Nikamdaka. Akaniuma bega. Aliniuma kweli, kwa meno, kama mtoto, halafu akaanza kulia na meno yakiwa bado hapo. Tulikaa chini tukiwa tumeshikana vibaya, mkewe akatoka na sufuria mkononi, akatutazama, akarudi ndani.

Alipotulia alinisukuma. Alisema mambo matatu manne, mengine siwezi kuyaandika. Hili naliandika kama alivyolisema: "Vyuma ni vya mutoto, minamupatia mi, haviko vyako. Aende navyo. Lakini namba saba inabaki apa. Leo umwambie yote, na ile ya jina pia. Kesho nitafika ku bisi nayo. Akikuja kwangu akiwa anajua, nitamupa. Akikuja bila kujua, nitamwambia mi mwenyewe mbele ya watu, donc utachagua."

Nikamuuliza kama atakwenda kwa wakubwa. Akasema, "Bon, hiyo nitafikiri kisha mutoto ameenda. Kesho iko siku yake." Basi sijui. Huenda ukisikia habari zangu tena ikawa niko ndani. Ikiwa hivyo, usipande gari kurudi kunitetea. Kaa kwenye kazi yako.

Kwa hiyo ukifungua mkoba usiku huu ukakuta nafasi kati ya sita na nane, usimlaumu mtu, usitafute chini ya kitanda. Na usinionee huruma kwa mkono huu. Unauma vizuri. Nimeweza kuishika kalamu, Shabani hawezi kukunja goti kusali.

Sikuombi kitu. Nilitaka kukuomba, nimekata mistari mitatu hapa juu, umeiona. Naona aibu, na nina hofu utanitazama kesho kama ulivyonitazama siku ile ukiwa na miaka kumi na minne, halafu uweke mpira mwingine. Nakupenda kuliko nilivyowahi kukuonyesha, na nilichokuonyesha zaidi ni mkono.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha safari, ili usiweze kutoka bila kuikuta. Bisi inaondoka saa kumi na mbili na nusu. Tutakuwepo wote wawili. Mimi nitasimama upande wa dukani na sanduku lako. Yeye atakuwa upande wa pili, ng'ambo ya barabara, ameegemea namba saba badala ya gongo, kichwa cha chuma kwenye kiganja. Desturi inasema mtoto anayesafiri humuaga baba kwanza, na watu wa mtaa watakuwa wanatazama.

Vuka barabara. Anza na yeye.

Baba yako